Deki ya Baba, Sauti ya Mama

Watu hutucheka sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nalisema mapema ili asije mtu akanishangaa baadaye. Hii ni kesi yangu ya kuku, sijaisamehe, na sina haraka ya kuisamehe.

Ilianza nilipopanda mlimani kumsalimia baba. Mimi naishi Same mjini, nina kibanda cha kushona nguo karibu na soko. Yeye yuko juu, upande wa tangawizi, katika nyumba ileile aliyotulelea. Macho yamemwacha kabisa, miguu inamtania, lakini kichwa chake ni kizima kuliko changu. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa uji. Akanywa nusu, akaweka kikombe chini, akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelikalia muda mrefu.

"Uso wa mama yenu ninao," alisema. "Mikono yake ninayo. Hata alivyokuwa akijifunga kanga kiunoni kabla ya kugombana na mtu, bado naona. Lakini sauti imenitoroka, mwanangu. Naitafuta hapa kitandani, siipati. Ile kaseti yake ipo. Tengeneza mashine nimsikie kabla sijamfuata."

Kaseti yenyewe naifahamu, kwa sababu siku inarekodiwa nilikuwepo, msichana wa shule ya msingi. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya, na msimu mmoja mzuri wa tangawizi ulimtia wazimu akanunua deki. Si redio ya mkononi; deki hasa, pana, nzito, uso wake wa rangi ya fedha, na vioo viwili vyenye mishale iliyokuwa ikirukaruka mtu akisema. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji na nyumba yetu ilipata waya. Basi Jumapili moja baada ya ibada baba akaweka maikrofoni mezani mbele ya mama, akamwambia aimbe.

Mama hakuwa mtu wa kwaya. Alikuwa mtu wa msaragambo. Kwetu mfereji ukiziba, au ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, likijaa tope, hupigwa baragumu na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Huo ndio msaragambo, na pale mama ndiye aliyeongoza nyimbo. Nyimbo zake zilikuwa za kuwasuta wavivu: aliyechelewa, aliyekuja na jembe linalochomoka mpini, aliyesema mgongo unamuuma na jana yake alionekana akicheza harusini. Aliwapitia mmoja baada ya mwingine na watu walilima huku wakicheka. Sauti yake ilivuka bonde ikasikika kwa watu wa ng'ambo.

Jumapili ile alikataa kuimba kwa amri. Akazungumza. Alizungumza pande zote mbili za kaseti, akasuta, akacheka, akaimba vipande, akamgombeza baba aliyekuwa akimwashiria asogee karibu na maikrofoni. Ilipokwisha, baba akachukua kisu, akavunja kwa ncha vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Kijino kikishavunjwa, mashine hukataa kurekodi tena juu ya yaliyomo. "Hii sasa imefungwa," alisema, na akaandika ubavuni kwa penseli: Mama.

Nikamwuliza baba vitu hivyo viko wapi.

"Darini, jikoni."

Nilishika kichwa. Asiyetujua aelewe: jikoni kwetu mlimani, juu ya mafiga, kuna dari, na huko ndiko yanakokaa mahindi ya mbegu, kwa kuwa moshi hufukuza bungua na kukausha unyevu. Kitu ambacho mtu wa kwetu anakithamini kwelikweli hukitia moshini. Basi baada ya mazishi ya mama, baba alizungushia deki gunia, akaipandisha katikati ya mahindi na maharage, na kaseti akazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Miaka yote hiyo chini yake yamechemshwa makande.

"Mbegu haiharibiki pale," baba akasema, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Mbegu! Nilitaka kumwambia kwamba mbegu haina mota. Lakini baba ni baba. Nikapanda ngazi, nikaishusha, na ilikuwa nyeusi kama chungu. Hata hivyo haki niiseme: kaseti za kwaya zilizobaki kabatini sebuleni, kwenye ukungu wa mlima, zilikuwa zimeota kuvu nyeupe utepe mzima, na za darini hazikuwa na kuvu hata chembe. Zilikuwa zimepinda tu kwa joto.

Fundi wa redio wa kwanza niliyempelekea hapa mjini aliitazama kama mtu aliyeletewa mzoga. "Mama, hii spea zake hakuna. Mimi nakushauri hivi: natoa huu utumbo wote, nakufungia saketi ya bluetooth na sehemu ya flashi. Nje inabaki na sura yake ileile."

Nikamwuliza kama bibi yake akiugua huwa wanamtoa utumbo ili abaki na sura yake.

Alicheka, mimi sikucheka. Kila kitu siku hizi ni kutoa utumbo. Redio inatolewa utumbo, cherehani ya miguu inageuzwa meza ya baa, na mtu anasimama hapo anakuambia umenufaika. Nikabeba deki yangu nikaenda nayo kibandani. Nimefungua cherehani maisha yangu yote, bisibisi ndogo ninazo, mafuta mepesi ninayo, na jicho la kuona kitu kidogo kikiwa si mahali pake ndilo linalonilisha. Wateja waliotaka sare za Pasaka wakanuna. Wacha wanune.

Niliifungua juu ya meza ya kukatia. Masizi yalikuwa yameingia hadi kwenye vipimo vya mishale. Ile mikanda ya mpira inayozungusha magurudumu haikuwa mikanda tena. Ilikuwa imeyeyuka ikawa lami, na lami hiyo ilinishika vidole, ikashika bisibisi, ikashika na kitambaa cha harusi cha mteja, ambacho nilimlipa kwa kingine na kelele nikameza. Nilifuta kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka nyeusi, nikafuta tena. Kichwa kinachosoma utepe nilikifuta polepole mpaka kikang'aa. Kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kilikuwa kimekuwa kigumu na laini kama kokoto ya mtoni, nikakikwaruza kidogo kwa msasa mwembamba kipate kushika. Kazi hii nilifanya mchana, kati ya suruali na suruali, mlango wazi na upepo wa Same ukiniletea vumbi papo hapo ninapofuta. Nilitukana sana.

Mikanda mipya niliagiza Dar. Kondakta wa basi alitakiwa kuishusha bahasha Same, akaishusha Hedaru. Nimempigia simu, ananiambia, "Si ni hapohapo tu, mama?" Nikaenda Hedaru. Mwenye duka aliyeachiwa alikuwa ameshaifungua bahasha, na mkanda mmoja amefungia mfuko wa karanga. Nikauvua karanga mbele yake bila kusema neno, maana kama ningesema, wangekuja kuamua majirani.

Lakini ilizunguka. Niliunganisha deki na sabufa yangu ya kibandani, nikatia kaseti moja mbovu ya kwaya kwa majaribio, na sauti za wanaume wa besi wa zamani zikatoka zimenyooka, mishale ikaruka. Niliruka na mimi. Muuza nyanya wa jirani aliuliza kama nimeokoka upya.

Ndipo nikaichukua ya mama. Ganda lake lilikuwa limepinda, kwa hiyo nilikusudia kuuhamishia utepe kwenye ganda zima la kaseti nyingine, lile linalofungwa kwa skrubu. Nikaigeuza nipasue kiungo kwa wembe, na vidole vyangu vikagusa kitu mgongoni. Plasta. Plasta ya kidonda, imekunjwa vizuri, imezibwa juu ya matundu yote mawili aliyoyavunja baba.

Aliyewahi kuishi na kaseti anajua kwamba plasta pale haina kazi nyingine. Kijino kilichovunjwa ni kufuli, na plasta ni ufunguo wa bandia. Nilikaa chini. Nikajipa moyo kwamba labda alikusudia tu, labda hakurekodi, labda aliitwa kula. Nikahamisha utepe, nikabonyeza.

"...wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

Nililijua koo hilo. Ni baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya mama yangu. Na nyuma yake nikasikia jenereta, na maturubai yakipigwa na upepo, na kikohozi cha watu wengi. Walikuwa wamerekodi mazishi ya mama juu ya sauti ya mama.

Nilisikiliza kwa sababu sikuweza kuinua mkono kuzima. Alizungumza baba mdogo. Alizungumza mwakilishi wa majirani. Alizungumza mtu wa chama cha ushirika ambaye sikumbuki mama kumsalimia hata siku moja, akaeleza mafanikio ya ushirika. Kila mmoja alianza kwa kusema hana mengi, kisha akayasema hayo mengi. Halafu ukasomwa wasifu wa marehemu, na msomaji, kwa sauti ya taarifa ya habari, akasema: "Marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, na mtu wa maneno machache."

Maneno machache! Kaseti nzima ya maneno yake, pande zote mbili, waliifuta wao, kisha juu ya pale walipofuta wakatangaza kwamba hakuwa na maneno. Nilizima. Nilipiga meza ngumi, sindano zikaruka.

Nikampigia baba mdogo palepale. Ni mzee sasa, anaishi Dar, anajenga. Nikamwamkia, maana adabu sijaiacha, akaitikia vizuri, nikamwuliza habari za plasta.

"Aa, ile kaseti!" akasema kwa furaha, kama mtu aliyekumbushwa sikukuu. "Kumbe ipo? Ile ilirekodi vizuri sana. Kuna ndugu hawakuwahi kufika, ilibidi wasikie mazishi yalivyofana. Dukani kaseti mpya zilikuwa zimekwisha."

"Baba mdogo, ile ilikuwa na sauti ya mama."

"Na tuliyemrekodi ni nani? Si ni yeye yuleyule? Kila mtu pale alimsema yeye."

"Walimsema. Yeye alikuwa anasema."

"Mwanangu, tulimzika mama yako kwa heshima. Kaburi lake lina vigae. Mbona hilo hulisemi?" Kisha akaongeza, na hapa ndipo nilipokata simu: "Ukiiweka kwenye simu nitumie. Nadhani hotuba yangu nzima imo."

Sijui kama kuna lugha ya kumweleza mtu wa namna ile. Hakuwa mwizi, hakuwa adui, alimpenda shemeji yake na alilia kaburini. Na hilo ndilo linalonikereketa. Adui angejua anachofuta. Huyu alitafuta nafasi ya kuweka maneno ya wanaume, akaona maneno ya mwanamke, akaona nafasi. Maana katika msiba wetu kitu kisichorekodiwa hakikufana, na kitu kilichofana lazima kiwe na mwenyekiti.

Nilifikiria kumdanganya baba. Ningeweza kumwambia utepe umeungua, moshi umeula, na lawama ingekwenda dari. Lakini huwezi kumdanganya mtu asiyeona, anasikia unavyopumua. Nikafunga deki kwenye blanketi, nikachukua na kispika kidogo, nikapanda mlimani.

Alikuwa amekaa kitini, amevaa koti la Jumapili. Alikuwa amejua siku ninayokuja na akaomba avalishwe. Koti lile lilinimaliza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, plasta, jenereta, itifaki, vigae, nikapandisha sauti bila kukusudia, nikamwita baba mdogo majina ambayo mtu hamwiti baba yake mdogo.

Baba akangoja niishe. "Usimtukane," akasema. "Walikuja wakaniuliza kaseti ya kurekodia. Nikawaambia wachukue yoyote."

"Yoyote?"

"Siku ile, mwanangu, kwangu kila kitu kilikuwa chochote."

Niseme ukweli, nilimkasirikia. Mzee kipofu, mjane, koti lake limefungwa vifungo vibaya, na mimi nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mdogo wake. Yeye ndiye aliyevunja vijino. Yeye ndiye aliyesema imefungwa. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka nilipoweza kurudi na uso wa mtoto wa mtu. Nikaanza kufunga blanketi niondoke na deki yangu.

"Unafanya nini?" akauliza. "Washa."

"Ni hotuba tu, baba."

"Washa. Siku ile nilikaa pale mbele na sikusikia kitu hata kimoja. Nataka nijue walisema nini."

Nikawasha. Tukasikiliza mazishi ya mama pamoja, baba ameinamisha kichwa upande wa kispika. Kwenye ushirika akaguna. Kwenye "mtu wa maneno machache" akainua kichwa, akauliza, "Nani?" Halafu akacheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi, nikampigapiga mgongoni huku hasira yangu ikikosa pa kukaa. Upande wa kwanza ukaisha, nikageuza. Mahubiri. Shukrani kwa kamati. Shukrani kwa waliotoa magari. Wimbo wa kaburini, udongo ukianguka. Tangazo la chakula, na kwamba wanaoteremka Same wajipange mapema. Baba mdogo akawatakia safari njema, kikasikika kitu kikibonyezwa, klak, na mishale ikalala.

Nikanyoosha mkono kuzima. Baba akaukamata. Alikuwa amesikia kabla yangu.

Kulikuwa na jogoo. Jogoo wa mbali, na kiti kikisogezwa kwenye sakafu ya udongo. Baba mdogo alizima mazishi yake yalipokwisha, na utepe ulikuwa bado na kipande. Kipande hicho hakikuguswa na mtu. Mishale ikainuka.

"...hapana, niache niseme," alisema mama, katikati ya sentensi, karibu sana, kwa sauti ya mtu aliyejifunga kanga. "Mimi nimelima mfereji ule tangu sijaolewa, nawajua wanaume wa hapa. Jembe wanalishika kwa kuombwa. Lakini kazi ikiisha! Kazi ikiisha ndipo wanapopata maneno. Wewe bado una tope magotini, wao wameshasimama wanatoa shukrani." Akacheka, kile kicheko cha kuvuka bonde, mishale ikagonga mwisho wa vioo. "Na huyu mwenye mashine naye ananikonyezea nini? Eti niseme taratibu. Nimekaa hapa tangu ibada iishe nasema peke yangu. We baba, unanisikia kweli, au unatazama mishale tu?"

Utepe ukaisha. Kitufe kikaruka chenyewe.

Baba alikuwa bado ameushika mkono wangu. Akajivuta akakaa wima, akaigeukia deki, na akajibu kwa sauti kubwa, kwa haraka, kama mume aliyechelewa kuitika.

"Nakusikia," alisema. "Nakusikia, mke wangu. Endelea."